Nyaraka za Taifa zina habari za mkata mkonge, au ni za machifu tu?

Fundi Cherehani wa Mafinga

Kamwene wakuu. Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Niliishia kidato cha nne, kwa hiyo mkinijibu naomba msinipe maneno ya chuo kikuu.

Baba yangu alifariki mwaka jana mwezi wa sita. Siku ya kuvunja matanga wazee wakakaa kutaja ukoo na mwiko wetu kama ilivyo kawaida. Mzee mmoja, pombe ya komoni ilikuwa imeshamkolea, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: "Hawa wanashika mwiko usio wao. Babu yao alikuja hapa na fuko begani." Watu wakacheka, wengine wakamkemea. Shangazi yangu mkubwa hakucheka wala hakukemea. Aliinama akaendelea kuchambua mchele ambao nilikuwa nimeshauchambua mimi mwenyewe asubuhi. Hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea.

Nimerithi sanduku la bati la babu. Ndani kuna karatasi tatu. Ya kwanza ni nusu ya cheti cha ubatizo, mchwa wamekula upande mzima wa kulia. Kinachosomeka ni "Aloisi", halafu "Tosamag", halafu tarehe 7 Aprili, mwaka unaanza na 192 kisha kuna tundu. Ya pili ni kipande cha kazi ya mkonge: kadi ngumu yenye vyumba vidogo vidogo vya siku, vingine vimewekwa alama, vingine vitupu. Kina namba. Jina la shamba limefutika, pengine kwa jasho, ila Korogwe inasomeka. Ya tatu ni kikaratasi cha kodi, kimekunjwa mara nyingi mpaka kimekatika vipande vinne.

Nimeshazungushwa ofisi tatu. Moja waliniambia nilete cheti cha kuzaliwa cha babu ndipo wanisikilize. Babu aliyezaliwa kabla hata tofali la kwanza la ofisi yao halijafyatuliwa!

Sasa nimesikia kuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Swali langu ni hili: wanatunza habari za watu kama babu yangu, mkata mkonge, au ni za machifu na mabwana wakubwa tu? Nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na kufunga kibanda siku tatu huku kuna sare za shule za watu hazijaisha, si mchezo. Nataka nijue kabla sijapanda basi.

Ninachotafuta ni kitu kimoja tu. Baba yake babu aliitwa nani?

Natanguliza shukrani.

Dogo wa Uyole

Dada pole na msiba. Mbona unajitesa na makaratasi? Siku hizi kuna vipimo vya DNA, unatema mate kwenye kichupa unatuma nje, wanakuletea ukoo wote kwenye simu.

Fundi Cherehani wa Mafinga

Ahsante mdogo wangu. Hayo mate yatatamka jina la mtu?

Mzee wa Masijala

Marahaba binti yangu. Pole kwa kuondokewa na mzazi, Mungu amlaze pema.

Nimefanya kazi ya masijala miaka 31, Iringa na baadaye Mbeya, kisha nikastaafu. Nimeshika majalada mengi kuliko sahani za ugali. Kwa hiyo nivumilie, nitaandika kirefu. Neno la kwanza ni hili: usipande basi bado.

Watu wengi wanadhani Nyaraka za Taifa ni kama daftari kubwa la majina, unataja babu, wanakufunulia ukurasa. Sivyo. Serikali ilipanga majalada kwa kazi zake. Kuna jalada la kodi, la vibarua, la barabara, la mashauri ya watemi, la nzige. Zamani za Mjerumani yapo ya kwao, yamepewa herufi G na namba, na mengi yameandikwa Kijerumani cha mkono ambacho hata Mjerumani wa leo anakikodolea macho. Baada ya hapo kuna ya Mwingereza: ya Sekretarieti ya Dar es Salaam, ya jimbo, ya wilaya. Kwetu huku utayakuta chini ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Ukifika pale Upanga na jina la Aloisi peke yake, utakaa kwenye kiti siku tatu na kurudi na kiuno kinachouma.

Si kwamba mtu mdogo hamo. Yumo. Lakini serikali haikumwandika mtu kwa kumpenda. Ilimwandika alipodaiwa kodi, aliposhtakiwa, alipoandikishwa kazi za mbali, au alipomshtaki mwenzake. Nakupa mfano wangu. Nilikwenda kumtafuta baba mkubwa ambaye nyumbani alitajwa kwa kunong'ona. Siku ya kwanza nimepata maelezo ya mvua. Siku ya pili bei ya mahindi. Siku ya tatu, kwenye jalada la rufaa za mahakama za wenyeji, nikamkuta: amedaiwa ng'ombe wawili wa mahari, amekana, shahidi amesema aliwaona kwa macho yake, mmoja ana doa jeupe kwenye paji la uso. Yupo na kijiji chake, baba yake, na jumbe wake, yaani mkuu wa kijiji. Nilikaa na ule ukurasa nusu saa. Kumbe tulikuwa tunanong'ona miaka yote hiyo kwa sababu ya ng'ombe mwenye doa!

Lakini mimi nilikuwa najua kijiji, najua mtemi wa eneo, najua karibu mwaka gani. Ndiyo maana nilijua nifungue jalada lipi. Wewe bado. Kwa hiyo anza mahali ambapo mtu wa kawaida aliandikwa kwa jina lake, la baba yake na la mama yake, bila kosa lolote. Nako ni kanisani.

Sasa tazama hicho cheti chako. Umesema 7 Aprili, mwaka wa 192 na kitu. Wamisionari hawakubatiza wakatekumeni, yaani wanafunzi wa ubatizo, siku yoyote tu iliyowajia kichwani. Waliwakusanya, wakawafundisha miaka, wakawabatiza kwa makundi kwenye sikukuu, hasa mkesha wa Pasaka. Nimechukua kalenda. Katika miaka yote ya 1920 mpaka 1929, Pasaka iliangukia 8 Aprili mara moja tu, mwaka 1928. Kwa hiyo 7 Aprili 1928 ilikuwa Jumamosi Kuu. Siapi, maana mtoto mchanga anabatizwa siku yoyote, ila ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Mchwa wamekula mwaka lakini wamekuachia siku, na siku inatosha.

Hiyo "Tosamag" ni Tosamaganga, misheni ya Kikatoliki huko Iringa. Ilianzishwa na watawa Wabenediktini wa Kijerumani miaka ya 1890. Vita ya kwanza ikaja, Wajerumani wakaondolewa, kuanzia 1919 wakashika Wamisionari wa Consolata, Waitaliano. Kwa hiyo ukikuta pengo kwenye vitabu vya miaka ya vita usimlaumu katibu wa parokia wa leo. Mwaka 1928 aliyeshika kalamu ni Mtaliano, anaandika Kilatini, na jina la Kihehe analiandika jinsi sikio lake la Kiitaliano lilivyolisikia. Liweke hilo akilini.

Usiende mikono mitupu. Chukua barua ya utambulisho kwa paroko wako wa Mafinga, kitambulisho chako, na nakala ya hicho cheti (nakala, binti yangu, chenyewe kiache nyumbani). Usiombe kupekua vitabu mwenyewe. Vina siri za watu: nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alitengwa. Omba wakutafutie tarehe hiyo moja. Vitabu vya zamani mara nyingine huhamishiwa jimboni, kwa hiyo piga simu kwanza. Wakikufunulia, usisome jina peke yake na kukimbia. Soma mstari mzima. Kuna baba, kuna mama, kuna msimamizi wa ubatizo, ambaye mara nyingi alikuwa katekista au ndugu wa kijiji hicho hicho. Kisha soma pembeni. Pale pembeni ndipo padri alipoongeza habari za baadaye: kipaimara, na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa mbali, kwa sababu parokia iliyofungisha inatakiwa kuijulisha parokia ya ubatizo. Wengi wanapiga picha safu ya jina, pembeni wanapaacha.

Hicho kipande nacho kisikudharaulishe. Kilikuwa cha siku 30 za kazi, kila siku uliyotimiza unawekewa alama, kikijaa ndipo unalipwa. Na waliopelekwa kwa kuandikishwa huku kwetu wakapewa namba, ndiyo hao manamba. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, ilikuwa inawabeba kwa malori na treni mpaka Tanga na Morogoro. Namba ile sidhani kama itakufikisha kwa jina la baba yake. Ila inakuambia babu alikuwa wapi, na hilo utaliona faida yake.

Kikaratasi cha kodi: unganisha vile vipande vinne juu ya kioo, weka kwenye mwanga, tafuta jina la jumbe. Jumbe ni kijiji. Usitumie gundi!

Kuhusu yule mzee wa komoni, usimchukie. Uhehe wenyewe uliundwa kwa kukusanya watu. Tangu mtemi Munyigumba, halafu mwanawe Mkwawa aliyepigana na Wajerumani, vita vilileta Wabena, Wasangu na wengine wengi, wengine mateka, wengine wakimbizi, wakapewa mahali, wakashika mwiko wa waliowapokea. Kuja na fuko begani si aibu ya nyumba yenu peke yenu. Nusu ya wanaojigamba kwenye misiba babu zao walikuja na fuko, wengine hata fuko hawakuwa nalo.

Jambo la mwisho, makumbusho. Pale Iringa mjini, lile boma la Wajerumani sasa ni makumbusho ya mkoa, lilifunguliwa 2016. Hutapata jina la babu pale. Lakini mpeleke shangazi yako. Mimi nilimpeleka wangu, mwanamke mgumu, miaka kumi namuuliza ananijibu "sijui mwanangu". Akasimama mbele ya vyungu, akasema: "Hiki si cha huku. Hivi alikuwa anafinyanga bibi yako, alijifunza kwa kwao." Kwao wapi? Akanitajia. Kijiji ambacho sikuwahi kukisikia, kimetoka mdomoni mwake kwa ajili ya chungu.

Mama wa Njombe

Mzee wa Masijala umesema vizuri ila umechelewa kumfikisha kwa shangazi, umemtaja mwishoni kama chumvi. Wanaume mkitafuta ukoo mnakimbilia boma na kanisa. Karatasi inamtaja mwanamke anapoolewa tu, lakini kichwani mwake yumo kila mtu, na nani alimnyonyesha nani.

Dada wa Mafinga, usimuulize shangazi "babu yetu alitoka wapi". Hilo ni swali la baraza, atafunga mdomo. Muulize alipokuwa mdogo walikuwa wanakwenda kusalimia wapi. Muulize nani alikuwa hapewi nyama gani. Muulize babu akiota ndoto au akijikwaa alikuwa anasema lugha gani. Mtu anaweza kujifunza Kihehe mpaka kikanyooka, lakini akijigonga kidole atalia kwa lugha ya mama yake.

Na kama ikionekana ni Wabena, karibu kwetu. Huku wengi ni Walutheri, Misheni ya Berlin ilikuwa Kidugala, Lupembe, Ilembula. Vitabu vyake ni habari nyingine kabisa, usivichanganye na vya Tosamaganga.

Mla Ndizi wa Tukuyu

Ugonile. Nimesoma hii mada mpaka chai imepoa.

Naongezea ya upande wetu kwa yeyote mwenye swali kama la dada. Mimi ni Mmoraviani wa Rungwe, na nilipoteza karibu mwaka mzima kwa kosa la kijinga: nilikuwa natafuta neno "Nyakyusa" kwenye orodha za Kijerumani. Halimo, au limo kwa nadra. Wajerumani walituita Konde. Na Tukuyu haikuwa Tukuyu, ilikuwa Neu-Langenburg, na wilaya yao waliiita Langenburg. Nilipobadilisha maneno hayo mawili mlango ukafunguka. Vivyo hivyo majina ya ukoo: "Mwa" unaikuta imeandikwa "Mua", na L na R zinabadilishana viti kila ukurasa. Hata Mkwawa mwenyewe kwenye karatasi zao ni Quawa au Kwawa, sembuse babu yangu mchunga ng'ombe.

Wamoraviani walifika Rungwe 1891, na Wa-Berlin mwaka huo huo wakaingia upande mwingine wa Unyakyusa. Taarifa zao zilikwenda makao yao. Za Moraviani zipo Herrnhut, Ujerumani mashariki, wana nyaraka za kanisa zima la dunia. Niliwaandikia barua pepe kwa Kiingereza changu cha kuombea maji, wakajibu kwa adabu kabisa, wakaniuliza kituo gani na miaka gani. Angalia hilo: hawakuuliza jina. Ni kama alivyosema Mzee. Wamoraviani pia wana desturi ya muumini kuandikiwa habari za maisha yake, zikasomwa kwenye maziko. Kwenye familia ya Kimoraviani usiache kuulizia karatasi hiyo. Ya bibi yangu ilikuwa ndani ya kitabu cha nyimbo, si Ulaya.

Majalada ya ile Ofisi ya Makoloni ya Ujerumani yapo Berlin kwenye hifadhi ya taifa lao, fungu la R 1001, na mengi yameshapigwa picha, unayasoma mtandaoni bure. Tatizo ni ule mwandiko. Herufi e inafanana na n. Mimi nilijifunza kwa kunakili alfabeti yao kwenye karatasi ya maandazi na kuibandika ukutani.

Halafu wale ambao babu zao walikwenda Joni, yaani Johannesburg. Huku kwetu kabla ya Uhuru Wenela, shirika la kuandikisha vibarua wa migodi, ilikuwa inachukua vijana kupeleka machimbo ya dhahabu Afrika Kusini, mpaka serikali ilipoikomesha. Nyaraka za waandikishaji hao leo zipo Chuo Kikuu cha Johannesburg. Na Chuo Kikuu cha Cape Town kina karatasi na picha za Monica na Godfrey Wilson, watafiti mke na mume, walioishi Unyakyusa miaka ya 1930 wakiandika kila kitu: nani kaoa wapi, nani kamrithi nani, nani kagombana na nani kwa ajili ya migomba. Kama ukoo wako ni wa maeneo waliyokaa, andika barua. Nimeona picha humo, mzee amekaa mbele ya nyumba ya mianzi, pua ni ya kaka yangu mtupu. Jina halikuandikwa. Nimeiangalia mara mia.

Ndaga fijo, Mzee wa Masijala, kwa ile hesabu ya Pasaka. Nimekwenda kuangalia vyeti vyetu vyote.

Kijana wa Kihesa

Samahani kuuliza, hivi mkishalijua jina la babu wa babu inasaidia nini? Au kuna shamba hapo nyuma?

Mzee wa Masijala

Kijana, kama ni shamba, nenda baraza la ardhi. Kwa Wahehe fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani, lilidaiwa kuanzia mkataba wa Versailles wa 1919 mpaka 1954 lilipofika Kalenga. Gavana Twining mwenyewe alikwenda Bremen kulichagua kati ya mafuvu mengine, kwa vipimo na tundu la risasi. Hapakuwa na ekari hata moja nyuma yake.

Na nyie vijana mlioko maofisini, niseme jambo linaloniuma. Ofisi moja niliyowahi kupitia, siitaji, walihitaji chumba. Majalada ya tangu enzi za Mwingereza yakatolewa kwa mkokoteni mpaka shimo la taka, yakachomwa siku mbili. Nilikuwa karani mdogo, nilibeba na mimi. Kwa hiyo mtu akiwaletea karatasi ya babu yake iliyoliwa na mchwa, msimcheke. Mchwa walikuwa na huruma kuliko sisi.

Fundi Cherehani wa Mafinga

Wakuu, nimerudi. Imepita miezi miwili, nisameheni, msimu wa sare ulinibana.

Kikaratasi cha kodi kilishindikana. Nimekiunganisha juu ya kioo kama Mzee alivyoelekeza, jina la jumbe liko kwenye mkunjo wenyewe. Limekwenda.

Nikapiga simu, nikachukua barua kwa paroko, nikapanda gari la Iringa asubuhi, nikamalizia na bodaboda. Padri aliyenipokea ni mdogo kuliko mimi. Aliosha mikono, akaikausha vizuri kwenye taulo, ndipo akakiweka kitabu mezani. Gamba jeusi, mgongo umeshonwa upya kwa uzi mnene. Mimi ni fundi, niliuangalia ule mshono kabla sijaangalia kitu kingine, ni mshono wa mkono wa mtu anayejua. Wino umekuwa rangi ya chai.

7 Aprili 1928 ipo. Mzee, shikamoo tena! Siku hiyo wamejaa kurasa na kurasa. Nikafurahi, halafu nikakata tamaa papo hapo, maana Aloisi wako wanne. Wanne, siku moja, misheni moja! Nikamwambia padri basi, nimeshindwa. Akaniuliza, babu yako alioa wapi? Nikasema hapa hapa, bibi yangu alikuwa wa jirani. Akapitisha kidole pembeni kwa wote wanne. Wawili hawana kitu. Mmoja kaoa humo humo Tosamaganga, jina la mke si la bibi. Wa nne pembeni ameandikwa kwa wino mwingine, mwandiko mwingine: ndoa, 1946, misheni moja ya mkoa wa Tanga.

Nilikuwa na picha ya kipande kwenye simu. Nikamwonyesha padri ile Korogwe. Tukaangaliana.

Jina la mke ni la mwanamke ambaye sijawahi kumsikia maishani mwangu.

Baba yangu alizaliwa 1951, huku, na bibi yangu ninayemjua. Sasa huyo wa Tanga ni nani, alikufa, aliachwa, alizaa, sijui. Nimeogopa hata kuwaambia wadogo zangu.

Ila nilichokifuata nimekipata. Safu ya baba imeandikwa jina, mbele yake kamsalaba kadogo. Padri anasema maana yake alikuwa ameshafariki siku hiyo. Jina silitaji humu kwa sababu ndugu zangu wengine wanasoma. Lilianza na "Chi". Nililisoma hivyo hivyo, Chi, nikalirudia, halikunifanana na jina lolote la Iringa. Padri akacheka, akasema amesoma Italia miaka minne: Mtaliano akiandika "chi" anasoma "ki". Nikalisoma upya. Wakuu, nilisikia ubaridi mgongoni, maana ndilo jina ambalo babu alitaka kumpa baba yangu mdogo, bibi akakataa, ugomvi wake ulisimuliwa mpaka tukaukariri bila kujua jina lenyewe ni la nani.

Na kijiji si cha Uhehe. Mama wa Njombe, nadhani nitakuja kula kwako.

Jioni nikampigia shangazi. Sikumuuliza kitu. Nililitamka tu lile jina, kwa "Ki". Akanyamaza, nikasikia kuku wake, nikasikia redio ya jirani yake. Nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Nani kakupa?" Nikamwambia kitabu. Akasema, "Kitabu," kama mtu aliyetajiwa mdeni wake. Halafu akaniambia nisimwambie yeyote kwenye simu, niende Jumamosi, nilale, nibebe sukari na mafuta ya taa.

Mzee wa Masijala, na huyo mke wa Tanga natafutia wapi?

Mzee wa Masijala

Binti yangu, hongera. Nimeisoma kwa mke wangu kwa sauti.

Misheni iliyoandikwa pembeni ndiyo iliyofungisha, kwa hiyo kitabu cha ndoa kilibaki kwao au kimekwenda jimboni kwao. Utaandika barua, si kupiga simu, uweke tarehe ya ndoa, majina yote mawili, na nakala ya huo mstari kama padri atakubali kukupa. Kitabu cha ndoa kinataja wazazi wa pande zote mbili na mashahidi, nao mashahidi kwenye mashamba ya mkonge mara nyingi walikuwa watu wa kwao waliokwenda lori moja. Huenda ukapata pale ndugu wa kijiji chake.

Lakini hiyo barua ingoje. Jumamosi kwanza. Daftari acha kwenye mkoba mpaka yeye mwenyewe aseme andika.

Mama wa Njombe

Na usimkatize hata akirudia jambo mara tatu. Mara ya tatu ndiyo anaongeza jina.